Mwongozo kamili: Kujenga na kuchambua hazina ya maarifa kwa Prolog, kwa mfano wa njia za visiwa vya Lamu

Wengi wanaojaribu Prolog, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hukwama mahali palepale. Wanaandika taarifa zao, wanauliza swali, mashine inajibu `false`. Wanakagua, wanaandika upya, inajibu `false` tena. Kuna wanaokata tamaa hapo. Kuna na wanaoliamini jibu hilo bila kulichunguza, na hao ndio wananitia wasiwasi zaidi.

Mwongozo huu ni wa wote wawili. Tutajenga hazina ndogo ya maarifa kuhusu safari za visiwani Lamu: wapi panafikika kutoka wapi, kwa boti au kwa miguu, na kituo gani kikifungwa kinawakata wengine. Nimechagua njia hizi kwa sababu mtu wa Amu (kisiwa chenye mji wa Lamu) anayajua majibu kabla hajauliza, kwa hiyo mashine ikikosea ataiona mara moja. Mbinu hizihizi zinafaa kwa orodha ya miswada, nasaba ya ukoo au bidhaa za duka.

Shika jambo moja tangu sasa. Hii ni programu ya tamko. Huielekezi mashine ifanye nini kwanza na nini baadaye. Unatamka yaliyo kweli, unatamka kanuni zinazoyaunganisha, halafu unauliza. Kutafuta ni kazi yake.

## Vitu vya kuandaa

- SWI-Prolog, programu ya kuendeshea Prolog. Ni ya bure. Kwenye Ubuntu andika `sudo apt install swi-prolog`. Kwenye Windows, pakua kisakinishi kutoka tovuti yake, swi-prolog.org. Kama una simu tu, fungua swish.swi-prolog.org kwenye kivinjari: ukweli na kanuni unaziandika upande mmoja, maswali upande wa pili.
- Kihariri cha maandishi matupu, kama Notepad. Usitumie Word. Word hubadilisha alama za kunukuu ziwe za kupinda, na Prolog haizitambui. Msimbo uliotumwa kwa WhatsApp nao huweza kufika umeharibika vivyo hivyo.
- Karatasi, kalamu na mtu anayeijua njia. Nahodha au utingo wa boti atakusaidia kuliko ramani.

## Hatua ya 1: Andika kwa Kiswahili kwanza

Usiguse kompyuta bado. Andika sentensi fupifupi, kila moja ikiwa na jambo moja: "Mtangawanda iko kisiwa cha Pate." "Kutoka Lamu kwenda Takwa kuna njia ya boti." "Kutoka Siyu kwenda Faza kuna njia ya miguu."

Sababu ni kwamba kila umbo la sentensi litakuwa predikati moja, yaani jina la uhusiano pamoja na vitu vyake ndani ya mabano. Sentensi za umbo moja zikiwa na idadi tofauti ya vitu, hazina itakatika vipande. Amua mapema: `mahali` ina vitu viwili (jina na kisiwa), `njia` ina vitatu (kutoka, kwenda, aina).

Amua na tahajia. Watu huandika Siyu na Siu, Kiwayu na Kiwaiyu, Mtangawanda na Mtangwanda. Kwa mashine hayo ni majina ya mahali tofauti kabisa. Chagua moja, uliandike juu ya karatasi, usilibadili.

Umefaulu ikiwa kila sentensi inaweza kujibiwa "kweli" au "si kweli" bila "lakini" yoyote.

## Hatua ya 2: Unda faili ya ukweli

Fungua kihariri, andika haya, uhifadhi kwa jina `visiwa.pl`:

```
% Mahali na kisiwa chake
mahali(mokowe, bara).
mahali(lamu, amu).
mahali(shela, amu).
mahali(matondoni, amu).
mahali(kipungani, amu).
mahali(takwa, manda).
mahali(mtangawanda, pate).
mahali(pate, pate).
mahali(siyu, pate).
mahali(faza, pate).
mahali(kizingitini, pate).
mahali(kiwayu, kiwayu).

% Njia: kutoka, kwenda, aina
njia(mokowe, lamu, boti).
njia(lamu, shela, boti).
njia(lamu, shela, miguu).
njia(lamu, matondoni, miguu).
njia(lamu, mtangawanda, boti).
njia(lamu, takwa, boti).
njia(matondoni, kipungani, miguu).
njia(mtangawanda, pate, miguu).
njia(mtangawanda, faza, boti).
njia(pate, siyu, miguu).
njia(siyu, faza, miguu).
njia(faza, kizingitini, boti).
```

Orodha hii haijakamilika, na nimeiacha hivyo makusudi. Kiwayu, kwa mfano, haina njia hata moja hapa ingawa mabaharia huenda kila mara. Upungufu huo tutauhitaji mbele.

Sasa yale yanayowaangusha watu.

Herufi kubwa. Tumefundishwa shuleni kuandika Lamu kwa herufi kubwa. Katika Prolog, neno linaloanza na herufi kubwa ni kigeu, yaani nafasi tupu inayoweza kujazwa na chochote. Ukiandika `njia(Lamu, shela, boti).` umetamka kwamba kutoka mahali popote duniani kuna boti ya kwenda Shela. Mashine itakuonya kwa maneno `Singleton variables`, ikitaja jina `Lamu`. Usilipuuze onyo hilo hata siku moja. Karibu kila mara maana yake ni herufi kubwa isiyotakiwa au kigeu kilichokosewa tahajia.

Alama ya ng'. Hili linatuhusu sisi hasa. Ukiandika `ng'ambo`, Prolog inaiona alama ile kama mwanzo wa nukuu, inaendelea kumeza mistari inayofuata ikitafuta mwisho wake. Kosa litaripotiwa mbali na mstari wenyewe, na utatafuta mahali pasipo na kosa. Ama uandike `ngambo`, ama ulifunge neno lote na uirudufu alama ya katikati: `'ng''ambo'`. Mimi nashauri ya kwanza.

Nukta mwishoni. Kila tamko huishia kwa nukta. Ukiisahau, matamko mawili yanaungana na yote mawili yanakufa.

Jina la faili. Notepad huweza kuongeza `.txt` bila kukuambia, ukabaki na `visiwa.pl.txt`. Wakati wa kuhifadhi, chagua aina ya faili "zote".

Weka matamko ya predikati moja pamoja. Ukichanganya `mahali` na `njia` huku na huku, mashine italalamika, na wewe mwenyewe utapotea.

## Hatua ya 3: Pakia, kisha uliza

Fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye faili, andika:

```
swipl visiwa.pl
```

Itatokea alama `?-`. Hapa ndipo wengi huharibu mambo: wanaanza kuandika ukweli mpya kwenye alama hiyo. Pale ni mahali pa kuuliza tu. Ukiandika `mahali(hindi, bara).` hapo, mashine inakuelewa kwamba unauliza "je, Hindi iko bara?", na kwa kuwa haijaambiwa, inajibu `false`. Ukweli huandikwa kwenye faili. Ukishahifadhi faili, andika `make.` ili mashine iisome upya.

Jaribu:

```
?- njia(lamu, X, boti).
X = shela ;
X = mtangawanda ;
X = takwa.
```

Baada ya jibu la kwanza mashine inasubiri. Bonyeza `;` kupata jibu linalofuata, au Enter kuachia hapo. Mara nyingine mwishoni, baada ya majibu mazuri, utaona `false`. Maana yake ni kwamba majibu yamekwisha. Majibu uliyokwisha kupata hayajabatilika. Na ukiona alama `|` badala ya jibu, umesahau nukta: andika nukta, bonyeza Enter.

Kabla ya kuendelea, ongeza mtego wa tahajia mwishoni mwa faili:

```
jina_geni(X) :- njia(X, _, _), \+ mahali(X, _).
jina_geni(X) :- njia(_, X, _), \+ mahali(X, _).
```

Alama `:-` isome "ikiwa", mkato usome "na", `\+` isome "haithibitiki kwamba", na `_` isome "chochote". Yaani: X ni jina geni ikiwa linatajwa kwenye njia na haithibitiki kwamba ni mahali.

Umefaulu ikiwa `?- jina_geni(X).` inajibu `false`. Hapo `false` ni habari njema. Ikijibu `X = mtangwanda`, umejua pa kurekebisha.

## Hatua ya 4: Kanuni za kufika

Mtu anayekwenda Lamu kutoka Mokowe anaweza pia kurudi. Hatuandiki kila njia mara mbili, tunaandika kanuni:

```
pita(A, B) :- njia(A, B, _).
pita(A, B) :- njia(B, A, _).
```

Sasa kufika kwa kuunganisha safari. Jaribio la kwanza la karibu kila mtu ni hili:

```
fika(A, B) :- pita(A, B).
fika(A, C) :- pita(A, B), fika(B, C).
```

Linasomeka vizuri, na kimantiki ni sahihi. Uliza `fika(lamu, kiwayu).` uone. Mashine inakwenda Shela, inarudi Lamu, inakwenda Shela tena, haichoki, mpaka inatoa kosa la `Stack limit` kwamba kumbukumbu imejaa. Haina habari kwamba ilishapita hapo.

Dawa ni kuitaka iweke jedwali la yale iliyokwisha kuyapata:

```
:- table fika/2.
fika(A, B) :- pita(A, B).
fika(A, C) :- fika(A, B), pita(B, C).
```

`fika/2` maana yake ni predikati `fika` yenye vitu viwili. Mstari wa `:- table` lazima uwe juu ya kanuni zenyewe. Angalia pia kwamba katika kanuni ya pili `fika` imetangulia. Bila jedwali, mpangilio huo ungekwama hata haraka zaidi. Pamoja na jedwali, ndio mpangilio bora, kwa sababu mashine inajenga jedwali moja la kutoka Lamu badala ya jedwali kwa kila kituo.

Umefaulu ikiwa `?- fika(mokowe, kizingitini).` inajibu `true` mara moja, na `?- fika(lamu, kiwayu).` inajibu `false` bila kukwama.

## Hatua ya 5: Kuhesabu bila kudanganyika

Uliza: kutoka Lamu, mahali pangapi panafikika kwa safari moja?

```
?- aggregate_all(count, pita(lamu, X), N).
N = 6.
```

Hesabu kwa vidole: Mokowe, Shela, Matondoni, Mtangawanda, Takwa. Ni matano. Shela imehesabiwa mara mbili kwa sababu ina boti na miguu. Mashine imehesabu njia za kuthibitisha, haikuhesabu mahali. Ripoti nyingi zina kosa hili na haligunduliki, kwa kuwa namba yenyewe haionekani ya ajabu.

Tumia `setof`, ambayo hupanga na kuondoa marudio:

```
?- setof(X, pita(lamu, X), Orodha), length(Orodha, N).
Orodha = [matondoni, mokowe, mtangawanda, shela, takwa],
N = 5.
```

Ukitumia `njia` moja kwa moja, `setof` itakugawia majibu kwa aina, boti peke yake na miguu peke yake. Kama hutaki mgawanyo huo, andika `setof(X, Aina^njia(lamu, X, Aina), Orodha)`. Kwa ile alama `^` umeiambia kwamba aina haikushughulishi.

## Hatua ya 6: Kuelewa `false`

Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike mwongozo. Isome polepole.

Prolog ikijibu `false` haisemi "si kweli". Inasema "kwa niliyoambiwa, sikuweza kulithibitisha". Andika kanuni hii:

```
haifikiki(X) :- mahali(X, _), \+ fika(lamu, X).
```

Uliza `haifikiki(X).` Jibu ni `kiwayu`. Kila nahodha wa Lamu atakuambia ni uongo. Lakini hazina haijadanganya: imekuonyesha mahali ulipokuwa kimya. Majibu ya namna hii yachukue kama orodha ya maswali ya kwenda kuuliza gatini.

Mpangilio nao una maana. Ukitanguliza `\+ fika(lamu, X)` kabla ya `mahali`, X bado ni tupu, na swali linakuwa "je, hakuna mahali popote panapofikika?". Papo, kwa hiyo jibu ni `false` na Kiwayu inapotea. Kanuni ya kudumu: kigeu kijazwe kwanza, `\+` ifuate.

Sasa hatari yenyewe. Magofu ya Takwa, kisiwa cha Manda, boti huyafikia kwa kijito cha ndani ya mikoko, na maji yakipwa haipiti. Mtu ataandika hivi:

```
hutaka_maji(lamu, takwa).
salama_yakipwa(A, B) :- pita(A, B), \+ hutaka_maji(A, B).
```

Uliza `salama_yakipwa(lamu, takwa).` Inajibu `false`, sawasawa. Uliza kurudi: `salama_yakipwa(takwa, lamu).` Inajibu `true`. Kijito ni kilekile, maji ni yaleyale, lakini kwa kuwa umeandika upande mmoja tu, mashine imegeuza ukimya wako kuwa ruhusa. Wageni wako wangekaa Takwa wakisubiri maji yajae.

Unaweza kuongeza upande wa pili, lakini kesho utasahau mkondo mwingine. Bora ugeuze kanuni yenyewe:

```
hupitika_yakipwa(lamu, shela).
hupitika_yakipwa(shela, lamu).
salama_yakipwa(A, B) :- pita(A, B), hupitika_yakipwa(A, B).
```

Sasa ukisahau, jibu ni "hapana". Palipo na maisha ya mtu, dawa, deni au usalama wa safari, andika lililo salama kuwa ukweli, usiandike lililo hatari peke yake. Usiiruhusu `\+` iamue usalama.

## Hatua ya 7: Kuchambua kituo kinachotegemewa

Gati ya Mtangawanda ikifungwa kwa matengenezo, nani atakatika? Tunahitaji kufika bila kupita kituo fulani:

```
:- table fika_bila/3.
fika_bila(K, A, B) :- pita(A, B), A \== K, B \== K.
fika_bila(K, A, C) :- fika_bila(K, A, B), pita(B, C), C \== K.

inategemea(B, K) :-
    mahali(K, _), K \== lamu,
    mahali(B, _), B \== lamu, B \== K,
    fika(lamu, B),
    \+ fika_bila(K, lamu, B).
```

Tumetanguliza `mahali(K, _)` ili K ijulikane kabla ya kulinganishwa. `\==` (isome "si sawa na") ikikutana na kigeu kitupu inakubali tu, na uchambuzi wote unaharibika bila onyo lolote.

```
?- inategemea(B, mtangawanda).
B = pate ;
B = siyu ;
B = faza ;
B = kizingitini ;
false.
```

Kisiwa kizima cha Pate kinasimama juu ya gati moja. Ukiwa na haraka utaandika ripoti nzito. Usiandike bado. Muulize nahodha kama kuna boti inayokwenda Faza moja kwa moja. Akisema ipo, ongeza mstari mmoja kwenye faili, kando ya njia nyingine za Lamu:

```
njia(lamu, faza, boti).
```

Hifadhi, kisha:

```
?- make.
?- abolish_all_tables.
?- inategemea(B, mtangawanda).
false.
```

Amri ya pili inafuta majedwali ya zamani ili usijibiwe kwa habari iliyopitwa. Tazama kilichotokea: wanne wote wameondoka. Mtu anashuka Faza, anatembea hadi Siyu, kisha Pate. Ukweli mmoja umegeuza hitimisho lote. Kabla ya kuamini jibu la namna hii, tafuta ukweli mmoja ambao ungeliangusha, halafu uende ukaulize kama upo.

Umefaulu ikiwa kwa kila jozi inayotolewa na `inategemea(B, K).` unaweza kusema ni nani aliyekuthibitishia kwamba hakuna njia ya pili. Kipungani itatokea kuwa inategemea Matondoni. Hiyo nakuachia ukaiulize mwenyewe.

## Hatua ya 8: Kuitunza hazina

Andika chanzo cha kila njia, kama ukweli wa kawaida:

```
chanzo(njia(lamu, takwa, boti), nahodha, 2025).

bila_chanzo(njia(A, B, C)) :-
    njia(A, B, C),
    \+ chanzo(njia(A, B, C), _, _).
```

`bila_chanzo(N).` itakupa orodha ya yale uliyoandika kwa kukisia. Mwaka una kazi yake pia. Safari hubadilika Kusi ikivuma na bahari ikichafuka, na habari ya Kaskazi isichukuliwe kuwa ya mwaka mzima.

Faili ikikua, tenga ukweli na kanuni katika faili mbili. Lakini predikati moja isikae katika faili mbili. Ukiweka `njia` kwenye `pate.pl` na nyingine kwenye `amu.pl`, ya pili kupakiwa inaifuta ya kwanza, na unachopata ni onyo la `Redefined static procedure` linalopita haraka kwenye skrini.

Usitumie `assertz` kuongeza ukweli kwenye alama `?-` ukidhani umehifadhi. Ukifunga programu, vyote vimekwenda. Hifadhi faili, na kila baada ya mabadiliko makubwa weka nakala yenye tarehe katika jina lake, moja ikiwa nje ya kompyuta hiyo.

Mwisho, funga kila kitu, fungua upya kwa `swipl visiwa.pl`, uulize haya matatu kwa mfuatano:

```
?- jina_geni(X).
?- fika(mokowe, kizingitini).
?- bila_chanzo(N).
```

La kwanza lijibu `false`, la pili `true`. La tatu likikupa orodha ndefu, ichape, uende nayo gatini asubuhi kabla boti za Pate hazijaondoka.